Makochi ya Kuazima

Mchungaji wetu ana tabia mbaya, na leo naisema akiwa amekaa hapa. Akiishiwa maneno, ananigeukia mimi: Bibi atatupa mfano. Kana kwamba mfano ni kisamvu, unachuma tu nyuma ya nyumba. Mimi shule niliichungulia dirishani, na magoti yangu leo hayataki kusimama. Lakini nimeshasukumwa mbele, na vijana wa kidato cha sita wamejibanza kule nyuma wakidhani hayawahusu. Yanawahusu. Wazazi wao yanawahusu zaidi. Sikilizeni, maana sirudii.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima, mwenye shati moja la kwendea kanisani na kiburi cha kujaza kabati. Alikuwa akimlea binti wa marehemu kaka yake. Binti alimwita baba, naye alimwita mwanangu, wakaelewana. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, upande mmoja bati, upande wa pili nyasi, kwa sababu bati liliisha nyumba haijaisha. Viti vilikuwa kigoda, na ndoo iliyopinduliwa.

Yule binti alitaka kuwa daktari. Na hakutaka kwa mdomo tu kama wengine tunaowajua. Zahanati yao ilikuwa ng'ambo ya kilima, na mgonjwa hapandi kilima peke yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyewapakia wagonjwa kwenye baiskeli akawasukuma. Muuguzi wa kule alipoona uso ule ule kila mara, akaanza kumfundisha: kidonda kinaoshwa hivi, mtu anayehema kwa shida analazwa hivi. Wajawazito wa kijiji wakawa wanamwita yeye kabla hawajamwita mume. Mtihani wa kwanza alianguka, maana siku zile ndizo mama yake alizokuwa akikata roho mikononi mwake. Akamzika mama, akarudia mtihani, akafaulu mpaka mwalimu mkuu akacheza.

Basi palikuwa na chuo cha udaktari kilichotenga nafasi kwa watoto waliotoka kwenye shida. Binti akaandika maombi, akaeleza yote: baiskeli, kilima, mtihani alioanguka na sababu yake, hata ile ndoo wanayokalia. Muuguzi naye akamwandikia barua ya kumshuhudia. Wakatuma. Jibu likarudi kwamba wanapendezwa naye, ila kabla ya kuamua watakuja kumwona nyumbani kwao.

Hapo ndipo baba mdogo alipopandwa na homa.

Hakuuliza mtoto ameandika nini. Wanaume wa namna ile hawaulizi, wanapanga. Akajiwazia moyoni: madaktari watoke mjini, waje wakalie ndoo? Watasema huyu akija chuoni atatuletea chawa. Mtoto wa kaka yangu akose udaktari kwa ajili ya kiti? Haiwezekani. Na nyie mnaijua desturi yetu. Mgeni akija, sahani zinatoka kwa huyu, jogoo kwa yule, na hakuna anayemsema mwenzake, kwa sababu kesho ni zamu yake. Nani humu hajawahi kuazima vikombe? Anyooshe mkono. Nilijua.

Lakini huyu bwana hakuazima vikombe. Aliazima kijiji. Alichukua makochi kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mkali kuliko pilipili ya Pemba. Akachukua runinga kwa mwenye banda la kuonyeshea mpira. Akachukua ng'ombe wawili, akawafunga mlangoni mahali ambapo mgeni hawezi kuwakosa. Kochi kubwa lilikataa kuingia, wakang'oa fremu ya mlango. Runinga wakaiweka juu ya ile ndoo iliyofunikwa kanga. Umeme haukuwepo, basi waya akauchomeka kwenye udongo wa ukuta, akashusha pazia.

Binti alirudi kutoka kisimani akadhani amekosea nyumba. Akauliza vitu vile ni vya nani.

"Leo ni vyetu," akasema baba mdogo. "Vaa viatu, kaa, tabasamu."

"Lakini baba, kule mimi niliandika..."

"Kuandika umemaliza, mwanangu. Hii sasa ni kazi ya wakubwa."

Wageni wakafika. Alikuwa daktari mmoja mama wa makamo, mwenye miwani, pamoja na kijana wa ofisini aliyebeba mafaili. Wakakaribishwa, wakakaa, wakazama kwenye makochi hadi magoti yakapanda juu. Chai ikaja kwenye vikombe vyenye mstari wa dhahabu. Yule mama akatoa maombi ya binti, akasoma kidogo, akatazama kochi. Akasoma tena, akatazama runinga. Baba mdogo akaona anapendezwa, roho ikamtulia kabisa. Akaanza kusaidia.

"Makochi haya hata hatuyapendi," akasema. "Tunafikiria kubadilisha."

"Na runinga?" akauliza daktari.

"Ah, hiyo ni kwa ajili ya taarifa ya habari tu, mama. Hatulali bila taarifa ya habari."

Daktari akamgeukia binti. "Mwanangu, hapa umeandika kwamba kiti chenu ni ndoo. Mimi nimekalia nini?"

Nawauliza nyie mliolelewa vizuri, angejibu nini? Aseme baba yangu mdogo ni mwongo, mbele ya wageni, huku ndiye aliyemlisha tangu afiwe na baba? Au aseme maombi yangu ni ya uongo? Binti akatazama viatu vyake.

"Umekalia kochi, mama," akasema.

Daktari akavua miwani. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Akasema taratibu kwamba kazi yao ni kuwaambia watu ukweli wakiwa kitandani, na mtu anayeanza kwa kudanganya kwenye maombi atamaliza kwa kumdanganya mgonjwa. Akayakunja yale maombi, akampa kijana ayatie ndani ya faili la waliokataliwa.

Hapo baba mdogo akaelewa. Akaelewa kama mtu anayekanyaga reki, mpini ukampiga usoni. Mtoto alikuwa ameandika ukweli, naye ameupaka rangi ukafanana na uongo. Dawa ilikuwa sentensi moja tu: mama, hivi vyote nimeazima. Ikapanda mpaka kooni, ikakutana na kiburi, ikarudi. Wageni wakasimama. Yeye naye akasimama, anatabasamu kama aliyeumwa jino.

Sasa sikia Mungu anavyofanya kazi zake, maana wakati mwingine hatumi malaika, anatuma shoka.

Kelele zikasikika uani. Watu wakaingia wamembeba mwenye banda la mpira. Alikuwa akipasua kuni, shoka likateleza likamchana mguu chini ya goti, na damu ilikuwa inatoka kama bomba lililopasuka. Hawakumpeleka kwingine. Kijiji kizima kilijua mtu akiumia anapelekwa mlango gani. Wakamlaza kwenye kochi kubwa.

Binti hakumtazama baba mdogo, hakumtazama mgeni. Alinawa mikono kwa sabuni, akavuta kitambaa cheupe kilichotandikwa mgongoni mwa kochi, kilichodariziwa maua, akakikunja mara kadhaa, akakibana juu ya jeraha kwa uzito wake wote. Akamwagiza mtu ainue mguu, mwingine akaifuate baiskeli. Daktari naye alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake, wamegusana mabega.

"Usifungue kuchungulia," daktari akamwambia.

"Sifungui, mama. Naomba unishikie huku juu."

Basi wakabana wote wawili, daktari wa mjini na mtoto wa ndoo, mpaka damu ikapungua, ikasimama. Majeruhi akafumbua jicho moja. Akatazama huku na huku, akaiona runinga.

"Jamani," akasema, "sogezeni runinga yangu isirukiwe na damu. Jioni kuna mechi."

Daktari akauliza, runinga ya nani? Nani angewanyamazisha watu tena? Kutoka mlangoni, mwingine akasema, na ng'ombe ni wangu, naomba nikakamue, wanaumia. Mwingine akauliza kama chai imekwisha, maana vikombe vinangojwa nyumbani. Kisha ikasikika sauti ya yule mwalimu mstaafu, amefika mbio: "Hicho kitambaa chenye damu ni changu. Na kochi ni langu. Na huyo mtoto msimguse, ana kazi."

Baba mdogo akakaa chini, sakafuni. Ndiyo siku aliyokaa mahali pake.

"Mama daktari," akasema, "mtoto aliandika kweli. Mwongo ni mimi. Niliona aibu mkalie ndoo."

Daktari alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na damu. Kijana wa ofisini akacheka, majeruhi naye akacheka huku akilia. Kisha daktari akasema, "Mzee, shida haimpi mtu nafasi kwetu. Shida wanayo wengi. Tunatafuta alichofanya mtu akiwa ndani ya shida, na wewe ulikuwa umekifunika kwa makochi."

Wakamsukuma majeruhi kwenda zahanati, daktari upande mmoja wa baiskeli, binti upande wa pili. Kufika juu ya kilima daktari alikuwa hoi, anahema, amevua viatu. Akamwambia kijana wake atoe yale maombi kwenye faili, ayarudishe mahali pake. Binti alipata nafasi. Walimwimbia, wakampigia vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Sasa sisi.

Nyie vijana mnaoomba vyuo, msije mkaandika maisha ya jirani. Ulisukuma baiskeli, andika baiskeli. Ulianguka mtihani, andika ulivyoanguka na ulivyoinuka. Mtafute anayekujua kwa kazi, si anayejulikana kwa cheo, akushuhudie. Na kama hujafanya lolote bado, huna haja ya kalamu, una haja ya kwenda kumsaidia mtu leo hii baada ya ibada.

Na sisi watu wazima tunaocheka, tunacheka nini? Tukiingia humu mbele za Mungu, hatuji na makochi ya kuazima? Huyu ameazima sala ya mwenzake, ndefu, yenye maneno makubwa. Yule ameazima furaha, kumbe tangu Jumatano hasemi na mkewe. Tunachomeka waya kwenye udongo tunashusha pazia. Halafu tunalalamika kwamba Mungu hatujibu. Atamjibu nani? Mtu aliyekuja kumtembelea hamwoni, ameambiwa akae kimya atabasamu. Mungu haogopi ndoo yako. Mkalishe hapo hapo.

Naona mnatazamana. Mnataka kujua yule baba mdogo alilipa nini.

Alirudisha ng'ombe, akarudisha vikombe, akarudishia fremu ya mlango. Kwa mwalimu mstaafu akapeleka jogoo kwa ajili ya kile kitambaa. Mama akamrudishia jogoo wake. Akampelekea hela, mama akazikataa. Akamwambia kitambaa kile alikidarizi kwa mkono wake, ua kwa ua, na kitalipwa hivyo hivyo. Akampa sindano.

Basi kila alasiri, wanawake wa mtaa wakikutana barazani kwa mwalimu kudarizi, alikaa bwana mmoja katikati yao, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akijichoma vidole. Ua la kwanza walilifumua, wakasema linafanana na chura. La pili wakalifumua. Aliendelea kudarizi mpaka binti akarudi likizo amevaa koti jeupe, akamkuta barazani bado ana jani moja la kumalizia.