Paka Aliyekula Mchanga wa Choo Chake

Mwaka ule vuli haikunyesha, na masika nayo yakapita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Katika bonde la Kinyasi malisho yaliisha, mto ukabaki mstari wa mawe, na wanyama wakaona kwamba wakiendelea kuwindana watakwisha kabla mvua haijarudi. Wakapatana. Kila mmoja alileta mtama aliokuwa nao, ukawekwa katika ghala moja. Ikaamriwa kwamba wote, wenye meno na wenye kwato, watakunywa uji wa mtama huo mara moja kwa siku, na sehemu itabaki mbegu.

Aliyetoa amri ni Simba. Yeye mwenyewe aliunywa uji huo huku amefumba macho, na hakukubali uitwe uji. Aliuita mchuzi mweupe.

Ulinzi wa ghala alipewa Paka, mpwa wake Simba. Kazi yake ilikuwa panya. Panya hawakuwamo kwenye mapatano, maana hawakualikwa, na hata wangealikwa wangekuja kwa nia ya kuiba. Paka aliwakamata, akawala, na mtama ukakaa salama. Nyuma ya ghala alikuwa na shimo lake la mchanga, la kujisaidia na kufukia, kwa kuwa Paka ni mnyama mwenye haya.

Fisi hakupata raha. Aliishi upande unakoelekea upepo, na kila asubuhi ilimfikia harufu ya nyama isiyokuwa yake. Akavumilia siku tatu, ambazo kwa Fisi ni nyingi, kisha akaenda kwa Simba.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja kwa ajili ya afya ya mpwa wako."

"Marahaba. Ana nini?"

"Bado hana kitu. Ndiyo maana nimewahi. Nyama mbichi wakati wa ukame ni minyoo mitupu. Tena mtu wa ukoo wako anatafuna panya mbichi mbele ya Swala na Ngiri. Wanasemaje?"

Simba hakuwa amefikiria wanasemaje. Sasa akafikiria.

"Na hao panya watapelekwa wapi?"

"Nitawazika mimi," alisema Fisi. "Kwa kujitolea."

Basi ikawa sheria. Paka alikamata panya, akawapeleka kwa Fisi, akarudi kunywa uji. Hakulalamika. Mjomba alikuwa amesema.

Mwezi wa kwanza manyoya yake yalipoteza mng'ao. Mwezi wa pili akiruka hafiki alikokusudia. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, Ngiri alipita nyuma ya ghala akamkuta ameinama shimoni. Alidhani ananusa. Hakuwa ananusa. Paka alikuwa anakula mchanga. Alitafuna, akameza, akafuta sharubu, akainama tena.

Ngiri alimwambia Swala peke yake, kwa siri. Kufikia saa sita mchana bonde zima lilikuwa linajua.

Simba alimwita mpwa wake. "Ni kweli unakula choo?"

"Sili choo, Mjomba. Nakula mchanga wa pembeni, ule safi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mwili unautaka. Nikiuona tu mate yananijaa. Naona aibu, Mjomba, lakini mdomo hauoni."

Simba alitazama kando. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kula mchanga, au kama alikuwapo, alikuwa amefichwa vizuri. Akamwita Fisi.

Fisi alimzunguka Paka mara mbili. "Ni mabaki ya nyama mbichi alizokula zamani," alisema. "Yanatafuta njia ya kutokea. Uondoeni mchanga. Na uji upunguzwe, tumbo lipumzike."

Mchanga ukaondolewa. Paka akaanza kulamba majivu mafigani. Walipoyazoa majivu, akalamba ukuta wa ghala. Na kwa kuwa hakuwa tena na mahali pa kujisitiri, ilimbidi aende mbali, ng'ambo ya mawe ya mto, kila alipobanwa. Alipokuwa huko, panya waliingia. Aliporudi hawakutoka.

Sungura alikuwa na watoto sita. Alipokwenda kuchukua fungu lao alikuta mtama umeshuka chini ya alama ya mbegu, na Paka amelala mlangoni. Panya mmoja akapita juu ya mkia wa Paka, akaamkia, akaendelea na safari yake.

"Bi Paka," alisema Sungura, "hebu fungua mdomo."

Paka akafungua. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama tui.

"Mara ya mwisho umekula nyama lini?"

"Siku moja kabla ya sheria."

"Na wale uliowakamata?"

"Bwana Fisi huwazika."

"Umewahi kuona kaburi hata moja?"

"Sikutaka kumsumbua."

Sungura alikaa chini. "Sikiliza, dada yangu. Mke wangu akiwa mjamzito, damu ikimpungua, hula udongo wa kichuguu, na hakuna anayemcheka. Wewe huna wazimu. Huna damu."

Paka aliinamisha uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kula mchanga mtu kumwambia kwamba hana wazimu.

Sungura hakwenda kumshitaki Fisi. Sheria ilikuwa imetoka kinywani mwa Simba, na mwenye majivuno hafuti neno lake kwa sababu ya sungura. Alikwenda akamwambia Simba hivi:

"Bwana Mkubwa, watu wanasema kula mchanga ni ugonjwa wa ukoo wako."

Manyoya ya Simba yakasimama. "Nani anasema?"

"Wengi. Tuwanyamazishe. Kesho kila mmoja alete kinyesi chake juu ya jani, tukikague hadharani. Tutajua kama ugonjwa umo katika damu au katika chakula."

Simba akakubali. Kutoka hapo Sungura alipitia kwa Fisi.

"Bwana Fisi, pokea hongera kabla ya wakati. Kesho kuna ukaguzi. Nionavyo mimi, mwenye choo cheupe kuliko wote ndiye mwenye tumbo safi, na mwenye tumbo safi ndiye anayefaa kukabidhiwa ghala na panya wake wote."

"Bila kuzika?" aliuliza Fisi.

"Kazi ya kuzika imekuchosha. Kila mtu anaona."

Kesho yake wanyama walikusanyika mbele ya ghala, kila mmoja na jani lake. Kinyesi cha Swala kilikuwa na rangi ya uji. Cha Ngiri, rangi ya uji. Sungura aliweka vidonge vitatu, bila maelezo. Cha Paka kilikuwa udongo mtupu, wa rangi ileile ya ukuta wa ghala, naye alisimama nyuma yake akitazama chini. Cha Mfalme hakikuletwa. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba ni kizuri.

Fisi alikuja wa mwisho. Alikuwa na majani mawili, na vilivyokuwa juu yake vilikuwa vyeupe kama chokaa.

"Ni chako?" aliuliza Sungura.

"Changu!"

"Hukusaidiwa na mtu?"

"Peke yangu. Naapa kwa masikio ya mama yangu."

Sungura alichukua kijiti akampa Simba kwa mikono miwili. "Anayestahili kufungua ni wewe, Bwana Mkubwa."

Simba akavunja kile kidonge kikubwa kuliko vingine. Ndani mlikuwa na manyoya, mifupa iliyosagika, meno manne madogo, na mkia mzima wa panya.



"Fisi," alisema Simba, "sisi sote tunakunywa uji. Wako una mkia?"

Fisi aliuinamia mkia ule, akaunusa. "Huo umeingia wenyewe."

"Umeingiaje?"

"Wakati wa kuzika. Niliinama sana."

"Tupeleke makaburini."

Fisi akatangulia. Alitembea kwa heshima mpaka kwenye kichaka cha kwanza, na hapo akatoka mbio. Nyati, aliyekuwa nyuma yake, alimwahi kwa pembe moja kwenye nyonga, na kwa hiyo Fisi alivuka mawe ya mto akichechemea, asionekane tena Kinyasi.

Simba alimgeukia Sungura. Sauti yake ilikuwa ndogo kidogo. "Sasa mpwa wangu alishwe vipi?"

"Panya wa siku hiyohiyo, mbichi, pamoja na ini lake na mifupa yake. Panya huyo asiachwe juani hata kidogo. Paka aanze na nusu, tumbo lake limezoea uji. Na mrudishieni mchanga wake."

"Si ataula tena?"

"Ataula siku mbili tatu. Msimcheke."

Paka hakuwa na nguvu za kukamata. Simba mwenyewe aliingia ghalani, akafunga mlango. Wanyama walisikia vishindo tangu asubuhi hadi alasiri. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mdomoni ana panya mmoja. Akaweka nusu mbele ya mpwa wake.

"Kula, mwanangu. Nilikusikiliza nikiwa nimeziba masikio."

Paka alikula polepole, machozi yakimlengalenga. Siku ya pili alikula panya, kisha akala na mchanga. Siku ya nne akaulamba tu. Siku ya tisa alichimba, akajisaidia, akafukia, akaondoka bila kugeuka. Wiki iliyofuata panya waliacha kuamkia.

Nusu ya pili ya yule panya wa kwanza haikuonekana ilikokwenda. Ila jioni ile Simba alimvuta Sungura kando.

"Tiba hii," aliuliza, "inawafaa na wajomba?"

"Damu ni moja, Bwana Mkubwa."

Naye Fisi alikwenda kuomba kazi ya uganga katika bonde la pili. Alipofika mlangoni walimwambia kwanza alete kinyesi chake. Njia ya mwongo ni fupi.