Nani Aingie Bila Hodi

Atakayesinzia leo asije kuniuliza hadithi iliishaje, kwa sababu mwisho wake sina mimi, mnao ninyi. Zigeuzeni simu zenu kifudifudi kama mnataka, ingawa mtasikia punde kwamba hilo halifichi kitu.

Huko Wundanyi, katika milima ya Taita, palikuwa na kampuni ndogo ya mtandao. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na mlikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na jicho lake.

Mshai alikuwa na jicho la majina. Mteja akilalamika, Mshai huifungua laini yake na kuona jina la kila tovuti aliyoibishia mlango. Ukurasa gani aliusoma, maneno gani aliyaandika, hayo hakuyaona, kwani milango ya mtandao siku hizi mingi hujifunga kwa kufuli mgeni akishaingia. Alijua umekwenda kwa daktari. Hakujua unaumwa nini.

Saru alikuwa na jicho la saa na uzito. Majina hayakumshughulisha hata kidogo. Alijua nyumba ipi huamka na mtandao alfajiri, ipi huuvuta kama bomba lililoachwa wazi, na ipi huonja kidogo na kuacha.

Malemba alikuwa na jicho la mapaa. Ndiye aliyebeba ngazi na kufunga juu ya mapaa visahani vya kunasa mtandao, na hapakuwa na kisahani milimani kote ambacho hakukijua pamoja na mbwa wa nyumba hiyo. Kuandika ndiko kulikomshinda. Mteja akihama, Malemba alihamisha kisahani, na nyumba mpya ikabaki kichwani mwake tu. Wenzake walimsema mpaka wakachoka.

Ukutani mwa ofisi palibandikwa sheria moja: ya mteja yabaki kwa mteja. Sasa tuwaache hao kidogo, twende kwa Mghoi, maana hadithi ni yake.

Mghoi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa sebuleni, nyumbani kwao juu ya kilima. Mumewe, Mwadime, alikuwa makanika Naivasha. Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Bi. Mkanjala, mama mwema ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kifuniko. Mghoi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Mara zote mbili Bi. Mkanjala aliwahi kuifikisha habari kwenye kikundi cha maombi kabla Mghoi hajafuta machozi, na wanawake wakaja kwa nyimbo na nia njema, wakakaa hadi jioni wakimtazama usoni. Hicho ndicho alichoshindwa kukisamehe, kule kutazamwa. Alipopata mimba ya tatu alijiapia kwamba likimfika jambo ataiuliza simu kwanza, watu baadaye.

Simu nayo haikuwa yake peke yake, maana Bi. Mkanjala aliiazima kila siku kusikiliza kwaya. Ndipo Mghoi akajifunza lile dirisha jeusi la faragha, ambalo ukilifunga halibakizi alama ya ulikopita. Aliliamini kama alivyoamini mlango wa chumba chake cha kulala. Mwadime alishamwonya.

"Hilo linakuficha kwa mama tu, mke wangu. Wenye laini bado wanaona unakokwenda. Kuna kitu kinaitwa VPN, weka. Ukiweka hicho, wao wataona tu kwamba umetoka, hawatajua umeelekea wapi."

"Wenye laini wananijua mimi?" Mghoi alimjibu. "Mimi namwogopa anayenijua."

Mimba ilifika mwezi wa nane. Asubuhi moja Bi. Mkanjala alikuwa amekwenda kanisani kupika chakula cha harambee. Mghoi aliamka na kichwa kinachogonga, miguu imevimba hata ndala zimekataa kuingia, na kila alipotaka kutunga uzi kwenye sindano aliona vimulimuli mbele ya macho. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafungua dirisha jeusi, akaiuliza tovuti ya wajawazito. Tovuti ikamwambia asikae hapo, aende hospitali sasa hivi.

Alitafuta tovuti ya hospitali ili apate namba ya gari la wagonjwa. Ukurasa ukafunguka nusu, ukasimama. Akajaribu tena, na tena. Jirani alikuwepo ng'ambo ya shamba la mahindi, wa kuitwa kwa sauti tu, lakini kumwita jirani kulikuwa kuwaita wote. Mghoi akaiandikia kampuni ya mtandao ujumbe mfupi wa simu, ule usiohitaji mtandao: "Laini yetu imekwama, tafadhali." Hebu lifikirieni hilo. Aliona vyepesi kumwambia mgeni kwamba mtandao unaumwa kuliko kumwambia jirani kwamba anaumwa yeye. Vile vimulimuli vikaongezeka, kisha vikazimika vyote kwa pamoja.

Alipozinduka alikuwa hospitalini, nywele zinanukia kabichi. Muuguzi alimwonyesha mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti, akamwambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangezikwa wawili. Mghoi alilia kwa furaha. Halafu aligeuza shingo, akaona kikundi kizima cha maombi kimezunguka kitanda, kinamtazama usoni. Akajua siri imetoka. Ila hakujua imetokea mlango gani.

Sasa, nyumba ya akina Mwadime ilikuwa na desturi yake. Mtoto aliyeponea chupuchupu huitwa jina la aliyemponya, jina moja tu, maana walisema mtoto mwenye majina mengi huitika kwa wote na hamsikilizi yeyote. Na mwenye jina hupewa haki ambayo hata ndugu hawana: huingia nyumba hiyo bila hodi, mchana au jioni, mpaka siku atakapokufa. Mwadime mwenyewe aliitwa kwa jina la jirani aliyemtoa mtoni, na jirani huyo alikuwa akiingia hadi jikoni na kufunua masufuria, hakuna aliyenung'unika.

Siku ya jina ilipofika, Mwadime alikuwa amerudi. Kimanga cha mihogo na maharage kilipondwa, chai ikachemshwa, na wale wanawake watatu wa ofisini wakaalikwa.

"Haya mwanangu," Bi. Mkanjala akamwambia Mghoi, "tutajie jina, chakula kinapoa."

"Subiri kidogo, Mama," Mghoi akasema. "Kwanza kila mmoja aniambie aliona nini."

Mshai akaanza. "Dada, ulituandikia laini imekwama, nikaifungua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliona jina la tovuti ya wajawazito, nikasema moyoni, huyu anatafuta jina la mtoto. Chini yake hospitali, chini yake tena hospitali, na kila mara laini inakatika. Ulichosoma sikukiona, haki ya Mungu. Lakini mtu habishi hodi kwa daktari namna ile kwa ajili ya jina la mtoto. Nikakupigia, hukushika. Nikampigia mumeo, simu imezimwa."

"Nilikuwa chini ya lori," Mwadime akasema kwa unyonge.

"Sheria yetu ilinitaka ninyamaze. Nikageuka, nikamwambia Saru."

"Mimba ya pili ilipotoka," Mghoi akauliza polepole, "majina kama hayo uliyaona?"

"Sikuitazama laini yako siku hizo. Hukuwa umelalamika."

"Lakini yalikuwepo?"

Mshai akatazama kikombe chake. "Yalikuwepo. Hukaa kwetu kwa muda."

Saru akapokea. "Mshai aliponiambia, mimi nilimwona anakuza mambo. Mjamzito gani hana wasiwasi? Ndipo nikatazama uzito. Wewe ukishona husikiliza redio ya mtandaoni. Najua, kwa sababu redio huvuta kidogo na haikatiki, huanza baada ya chai, na kwako hunyamaza wakati wa chakula cha mchana. Siku ile haikuwashwa kabisa. Paliingia vionjo vifupi vifupi, kisha kimya, katikati ya ukurasa, na simu yako bado imeishika laini. Nikamwambia Mshai, simu ipo, mtu ndiye hayupo."

Bi. Mkanjala akapiga vigelegele. Mghoi hakupiga.

"Saa yangu ya chakula umeijuaje?"

"Huwezi kukijua kimya cha nyumba kama hujazijua kelele zake," Saru akajibu bila ubaya wowote. "Nazijua za watu wote. Hata siku Mwadime anapokuja likizo najua, maana laini yenu hulala mapema."

Mwadime akaanza kukagua viatu vyake. Bi. Mkanjala akakohoa, akamwongezea mgeni chai ambayo hakuiomba. Mghoi alicheka kwa sababu wote walicheka. Alikuwa ameishi na mtu wa nne nyumbani, naye hakujua.

Malemba akaweka sahani chini. "Hawa mnaowasikia walikuwa wanakwenda kuokoa nyumba tupu. Kompyuta ilisema mnakaa kile chumba cha kupanga nyuma ya soko, mlikokaa zamani. Mshai alishafika kwenye ngazi, nikamshika gauni. Nikamwambia, hicho kisahani nilikihamisha kwa mikono yangu, kiko kilimani kwenye bati jekundu, karibu na mparachichi. Nikapanda pikipiki. Nilibisha, hukuitika, nikavunja dirisha la jikoni. Nilikukuta chini ya cherehani, mwili unatikisika kwa kifafa, nikakulaza ubavu hadi ulipotulia. Halafu nikasimama katikati ya barabara mbele ya pikapu ya kabichi, nikasema haipiti."

"Ungeandika kwenye kompyuta kwamba walihama," Mshai akamkata, "tungemtuma mtu wa hapa kilimani, na angefika kabla yako."

"Na wewe ungeifuata sheria ya ukutani, tungekuwa matangani."

"Na Mama?" Mghoi akauliza. "Nani alimwambia Mama?"

"Nilimkuta njiani karibu na kanisa, tukishuka na pikapu, akaniuliza kuna nini. Mama wa watu akikuuliza kuhusu mkwe wake utamficha nini? Nikamwambia yote, hata tovuti."

"Nami nikawaita wenzangu tukaombe," Bi. Mkanjala akasema. "Nilikosea?"

Mwadime akatoa simu ya mkewe mfukoni. "Basi yaliyopita yamepita. Leo naiweka ile VPN, tuishi kama watu wenye mlango."

"Ungeiweka kabla ya siku ile," Mghoi akasema, "mngenikuta lini?"

Mwadime akarudisha simu mfukoni.

"Na usipoiweka," Mghoi akaendelea, "kesho nitaiuliza nini simu yangu, nami najua Saru anahesabu pumzi zangu?"

Ndipo wale watatu wakaanza kudai, kwanza kwa heshima, halafu kama madalali wa mnadani. Mshai alisema bila yeye hakuna ambaye angegeuza kichwa, na kwamba meneja amemsimamisha kazi kwa kuivunja sheria, kwa hiyo yeye ndiye aliyelipa. Saru alisema majina ya tovuti hayakumwogopesha mtu, kimya ndicho kilichowainua kwenye viti, na kimya alikijua yeye. Malemba alisema wenzake waliokoa kwa macho, yeye aliokoa kwa mikono, na kovu la kioo analo kwenye kiwiko.

"Nyamazeni, mtoto analala," Bi. Mkanjala akasema, na hapo mtoto akaamka.

Desturi ilitaka wanaogombea jina wasimame nje, mama afikiri bila kutazamwa. Wakatoka uani. Mwadime akafunga mlango, na Mghoi akabaki amesimama katikati ya sebule, mtoto begani. Alitazama dirisha la jikoni lililotiwa kioo kipya. Alitazama cherehani. Mshai alisoma majina yasiyomhusu, Saru alimsikiliza nyumbani kwake miezi nenda rudi, Malemba alivunja dirisha na kumwaga siri njiani. Na begani mwake mtoto alikuwa anapumua kwa sababu ya hayo yote matatu; ungeondoa moja, asingekuwepo. Aliwapenda, na aliwaogopa, na alijua mmoja wao ataingia nyumba hii maisha yake yote bila kuuliza.

Akausogelea mlango. Upande wa pili walikuwa wamesimama wote, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, wote watatu walibisha.

"Hodi, dada."

"Hodi."

"Hodi humu."

Mkono wa Mghoi uko kwenye komeo mpaka sasa hivi, nami siuondoi hapo. Ninyi mliokesha macho mpaka hapa, mwambieni: amwite mtoto nani? Mshai, Saru, au Malemba? Na huyo mtakayemchagua, mngemruhusu aingie kwenu bila hodi?