Gauni la Mishono Nje

Mwanamke anayeona haya mbele ya mkunga hujiponza mwenyewe na mtoto wake. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai. Fundi mmoja wa cherehani aliijua sana methali hii. Aliwatania nayo wateja waliovuta matumbo ndani alipowapima, kisha wakarudi kulalamika kuwa nguo zinabana. Kujiambia mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Fundi huyo alikuwa na binti mmoja, mboni ya jicho lake. Majirani walimwita Kasuku, kwa kuwa alirudia maneno ya watu badala ya kuyajibu. Kengele ya shule ilipolia, aliziba masikio akajificha chini ya dawati. Mshono ukimgusa ngozi, alilia kama aliyeumwa na siafu. Kwa hiyo mama yake alimshonea nguo zote, hata sare, mishono ikitazama nje, kisha akazifunika kwa sweta hata jua likiwaka.

Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: msaidizi wa darasani angepatikana, lakini kwanza mtoto apimwe na mtaalamu wa makuzi. Bila ripoti, shule zikifunguliwa asingeweza kumpokea tena. Fundi akakosa usingizi. Nafasi ya kupimwa ilipopatikana baada ya kusubiri sana, hofu nyingine ikamwingia: watu watasemaje? Mama mkwe wake akachochea moto, akimwonya fundi kwamba mtoto asije akautia ukoo doa. Basi fundi akamfundisha mwanawe kuamkia, na kutazama nyusi za mtu ili adhaniwe anatazama macho. Akamshonea na gauni jipya, mishono ndani, kama la watoto wengine.

Mtaalamu, mama wa makamo, aliwapokea katika chumba chenye meza fupi na vipande vya mbao vya kuchezea. Kasuku akaamkia, macho kwenye nyusi. Maswali yakaanza. Analala vizuri? Analala. Anacheza na wenzake? Sana. Kelele zinamsumbua? Hata kidogo. Majibu yalitoka laini kama hariri, na kila moja lilimfungia mtoto mlango wa shule. Fundi alilijua hilo, lakini ulimi haukusimama.

"Kwa haya ninayoyasikia, mama," mtaalamu akasema, "sina cha kuandika. Mtoto hana shida."

Kasuku, aliyekuwa akijikuna shingo mpaka ikachubuka, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akisema kwa sauti ileile ya mama yake: "Tazama nyusi. Usiniaibishe, mwanangu. Usiniaibishe."

Mtaalamu hakucheka. "Maneno ya nani hayo?"

Fundi angeweza kusema ni ya katuni za runinga. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini aliiona ile shingo, akashikwa na aibu kubwa kuliko ile aliyokuja nayo.

"Ni yangu, daktari. Nimekudanganya tangu nilipoketi."

Akapiga magoti, akamvua mwanawe gauni, akaligeuza na kumvalisha upya juu ya shimizi, mishono nje, nyuzi zikining'inia. Taratibu Kasuku akaacha kujikuna. Huku akilia, fundi akaeleza yote: kukesha, kengele, dawati, sweta la juani.

"Sasa ndiyo tunaanza kumpima," mtaalamu akasema, akavuta kiti karibu.

Shule zilipofunguliwa, Kasuku alikuwa na msaidizi ubavuni, na kona tulivu ya kukimbilia kengele inapolia. Alivaa sare ya mishono nje, bila sweta. Mama mkwe alinuna, na hadi leo bado amenuna. Fundi naye, mteja akivuta tumbo ndani, hushusha utepe wake, humngoja apumue, kisha humwambia kwa sauti ya aliyeonja mwenyewe: mficha uchi hazai.