Mkanda Mpya wa Mbwa

Kaeni, washarika. Nami ningekaa kama kungekuwa na kiti huku juu. Wiki hii imenichosha, sitawaficha, kwa hiyo leo mtapata mfano mmoja tu, na mfano wenyewe ni wa mbwa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na kazi ya kutunza mbwa wa watu. Msicheke. Mjini watu husafiri, na mbwa hapandi basi wala haachiwi ufunguo, basi mwenyewe humleta kwa mama huyu, akalipia siku zake, akaenda. Mama alianza na vizimba vinne nyuma ya nyumba. Alimjua kila mbwa: huyu hali dagaa, huyu anaogopa radi, yule usimguse sikio la kushoto. Asubuhi akipita na sufuria la ugali aliwaita mmoja mmoja kwa jina, nao wakamwitikia kwa mkia.

Lakini kuna miezi watu hawasafiri, na ada za watoto hazijui hilo. Jamaa yake akamshauri, "Dada, jina la banda lako limeshajulikana. Lichapishe kwenye fulana, kofia, vikombe, mikanda ya mbwa, uuze. Fulana haili wala haibweki."

Shauri baya? Hata kidogo. Riziki hutafutwa. Mama akachora nembo, akachapisha, vitu vikatoka. Kilichopendwa zaidi ni mkanda wa shingoni, mwekundu, wenye jina la banda kwa herufi nyeupe. Ukauzwa kwenye maduka, ukauzwa gulioni, hata mbuzi mmoja alionekana ameuvaa. Na kila mbwa aliyeletwa kutunzwa alivuliwa mkanda wake wa zamani, ule wenye kibati cha namba ya simu ya mwenyewe, akavishwa mwekundu ili atoke vizuri kwenye picha za matangazo.

Asubuhi za mama sasa zikawa za mashine ya kuchapia. Vizimba akamwachia mfanyakazi, na mfanyakazi naye, oda zikizidi, huitwa aje akunje fulana.

Siku moja akaja mjane, mwalimu mstaafu, anakwenda kupasuliwa jicho. Mbwa wake alikuwa mzee, wa rangi ya majivu, jina lake Tusemezane, maana nyumbani kwa yule bibi hakukuwa na mwingine wa kusemezana naye. "Mwanangu, nakuachia huyu," akasema. "Ndiye niliye naye."

"Usijali, mama yangu. Hapa ni nyumbani," akajibiwa. Lakini macho ya mwenyeji yalikuwa kwenye boksi la kofia.

Siku ya tatu mfanyakazi akaitwa kukunja fulana, akaacha komeo wazi. Siku ya nne, saa sita mchana, muuza mkaa akasimama getini na mbwa kwenye kamba.

"Hodi, mama. Nimemwokota barabara ya sokoni, nusura agongwe na lori. Nimesoma jina kwenye mkanda, nikasema huyu ni wako."

Mama akamtazama. Mbwa akatikisa mkia. Jamani, mbwa alimjua!

"Si wangu huyo," mama akasema. "Mikanda hiyo imejaa mji mzima, hata gulioni ipo."

"Lakini mama, mbona anakufurahia?"

"Mbwa humfurahia kila mtu, baba. Nina kazi, samahani."

Muuza mkaa akasitasita, kisha akaondoka na mbwa wake wa kuokota. Siku ya saba mjane akarudi na bandeji jichoni. Akasimama mbele ya kizimba, akaita. Akaita tena. Mama akaja, akaona kizimba kitupu, na hapo ndipo akakumbuka yule mbwa wa getini. Bibi akamwuliza, "Yuko wapi?" Mama akamletea kiti.

Mfano umeishia hapo. Najua mmeshanielewa. Hii ni habari ya fulana zetu za jubilei, na vitenge, na kalenda zenye picha ya kanisa. Niliuandika Jumanne, nimeudhika, baada ya wazee wa kanisa kubishana saa tatu nzima juu ya rangi ya kitenge. Nilitaka kuwasema. Na maswali nilikuwa nimeyaandaa: Je, sisi tunajuana, au tunajua nguo zetu tu? Nilijiona nimepata neno kwelikweli.

Jumatano simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa hospitali. "Mchungaji, tuna mzee hapa tangu Jumapili. Kiharusi. Hasemi, hana simu, hana kitambulisho. Ila amevaa fulana ya usharika wako."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Dada, fulana hizo tumeziuza mpaka stendi. Anaweza kuwa mtu yeyote." Nikakata simu, nikarudi kwenye mahubiri yangu. Nilikuwa narekebisha maneno ya yule mama pale getini.

Ndiyo, nitazameni tu. Na mimi nilijitazama hivyohivyo niliposoma nilichoandika, na bado ilinichukua mpaka Ijumaa kwenda.

Ni yule mzee wa benchi la nyuma kabisa, upande wa dirisha, anayebaki kupanga vitabu vya nyimbo sisi tukikimbilia nje mnadani kununua fulana. Alianguka njiani akija hapa. Jumapili nzima benchi lake lilikuwa wazi. Nani kati yetu aliona? Mimi nilinyoosha mikono kutoa baraka nikilitazama benchi lile, sikuona kitu. Ijumaa aliponiona aliinua ule mkono wake mmoja mzima, akanishika shati. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Sizikatazi fulana. Kuta za kanisa hazijengwi kwa maneno. Lakini leo mnada haupo, na saa za kuona wagonjwa zinaanza saa sita. Na kabla sijatoa baraka, kila mmoja amgeukie aliye jirani yake amwulize jina. Usione haya, hata kama mmekaa benchi moja tangu kipaimara. Mzee wetu anaitwa Anaeli Mnkeni. Mimi ni mchungaji wake mwaka wa tisa huu, na Ijumaa, nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake, ilinibidi nitoke nje nimpigie mwinjilisti simu ili nilijue jina hilo.

Haya, ulizaneni. Nangoja.