Bakuli la Asajile

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu. Alikuwa mjane wa huku kwetu Tukuyu, jina lake Subilaga. Mwanawe Asajile alikwenda kusini kutafuta kazi migodini. Asubuhi ya safari alikata kipande cha mmea utambaao kwa jirani, akamkabidhi mama yake, akasema, "Uning'inize sebuleni. Siku utakapogusa sakafu, mwanao atakuwa mlangoni." Yalikuwa maneno ya kijana anayejizuia kulia. Lakini mama aliyashika kama agano.

Nyumba ile haikuwa na pesa za vyungu vya maua. Binti yake Tusekile, aliyebaki nyumbani, akakusanya makopo ya rangi na madumu ya mafuta ya kula, akayakata, akayatoboa chini kwa msumari wa moto. Kanga zilizochakaa akazichana, akazisuka kamba. Akaning'iniza mimea kwenye boriti, mmoja juu, mwingine chini, mpaka sebule ile ya kuta za udongo ikapendeza, na majirani wakawa wanapita kuomba chumvi wasiyoihitaji.

Mmea wa Asajile peke yake haukutiwa kwenye kopo. Mama aliupanda kwenye bakuli la bati ambalo mwanawe alikuwa akinywea uji, akaliweka dirishani. Tusekile alipokuja na msumari wake, mama alimshika mkono.

"Usilitoboe. Akirudi atanywea nini uji?"

Binti akaurudisha msumari jikoni. Yeye uji wake aliunywea kwenye kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Basi mama akawa anamwagilia. Kila alipomkumbuka mwanawe alitia maji, na alimkumbuka mno. Akiamka tu, kabla ya kunawa uso, alitazama nafasi iliyobaki kati ya ncha ya mmea na sakafu. Majani yalipogeuka manjano alidhani ni kiu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na kiu. Akaongeza. Maji hayakuwa na pa kutokea, mizizi ikaoza, na siku moja alipougusa mmea ulichomoka wote ukabaki mkononi mwake. Subilaga akaketi chini akalia kama aliyeletewa msiba. Aliamini kabisa kwamba mtoto wake hatarudi.

Sasa sikilizeni. Huko nyuma, siku mama alipoupanda mmea ule bakulini, kipande chake kilikatika, kikafagiliwa pamoja na takataka. Tusekile alikiokota. Alikipanda kwenye kopo lenye matundu, akalining'iniza kwenye mlango wa uani, mahali ambapo mama yake hakuwa na sababu ya kutazama. Aliposikia kilio aliacha kuni zake, akaja, akasimama mlangoni hapo.

Mama akainua uso. Akauona mmea wa Asajile umeshuka kutoka juu, majani mapana, mabichi, na ncha yake imelala sakafuni. Na mwanawe yuko mlangoni.

Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Kisha akaumwaga udongo, akalisugua bakuli kwa majivu, akapika uji, akaujaza humo, akampa Tusekile kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni aliyetoka safari. Binti aliunywa huku machozi yakimtoka, na mama akakaa naye mpaka ukaisha.

Asajile hajarudi hata leo. Mama yake bado anamngoja, na kumngoja si dhambi. Nani kati yetu hana mtu wake huko kusini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, sote twajua, na bado ndiyo tunayolala tukiiwaza. Ila nawauliza ninyi mnaongoja: nani amesimama mlangoni kwenu, na uji wake anaunywea kwenye nini?