Kwa Nini Baiskeli za Ikwete Huburuta Tawi

Hapo kale, barabara ya Mlango wa Ikwete, pengo la kuvukia mlima, haikuwa na mchirizi wowote wa tawi. Wapeleka viazi waliteremka na baiskeli zao wakigandamiza tairi la nyuma kwa makatambuga, na aliyefika bondeni wa mwisho aliitwa bibi harusi hadi soko lijalo. Kati yao, Ezekia Tweve ndiye aliyekuwa hajui kutulia. Hata akila, miguu yake ilikanyaga pedali zisizokuwepo.

Asubuhi moja mama yake aliamka akipumua kwa shida. Hospitali ilikuwa bondeni. Ezekia akamkalisha kwenye keria, akamfunga kwa kitenge, akasukuma hadi juu, mlangoni. Ukungu ulikuwa umetanda na changarawe imelowa.

"Kata tawi, ulifunge nyuma lituzuie," mama akasema.

"Mama, tutachelewa!"

"Mimi si gunia la viazi. Viazi vikimwagika huokotwa."

Ezekia akakata tawi la mkaratusi, akalifunga kwa kamba nyuma ya keria. Baiskeli ikateremka kama ng'ombe mwenye mimba, tawi likikwaruza barabara. Kila pumzi ya mama ilimchoma mgongoni. Mara rafiki yake Luvanda akawapita na gunia lake.

"Bibi harusi! Huo mkia umeota lini?"

Ezekia akapeleka mkono nyuma aifungue kamba. Mama akamkaza kiuno kwa nguvu chache alizobakiwa nazo. Ezekia akaiacha kamba.

Walifika. Mama akapewa dawa, kifua kikafunguka. Jioni mke wa Luvanda akaja hospitalini. "Shemeji, mwenzako yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Watu wakapanda mlima wakiita. Mchirizi wa tawi la Ezekia ulionekana toka juu hadi chini, lakini Luvanda hakuwa ameacha alama, na makorongo ni mengi. Walimpata kesho yake, yu hai, paja limevunjika, chini ya kona ambayo Ezekia mwenyewe alikuwa ameipita na mama yake salama.

Na tangu siku hiyo hakuna ateremkaye Ikwete bila tawi nyuma, hata breki zake ziwe mpya. Nao wanaopanda hutembea macho chini. Wakikuta mchirizi umeishia konani, hawaulizani ni wa nani. Hutua mizigo, husogea ukingoni, huita.