Karatasi ya Maneno Sita

Kaeni kidogo, wapendwa, niwasimulie habari za mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa sauti nzuri na shingo ngumu.

Alikuwa na nyimbo kumi na mbili za Pasaka, hazijawahi kuimbwa. Zote ziko katika faili moja, kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa kwa siri, asiweze mwingine kuifungua. Siku ya kwenda kuchapa nakala za waimbaji, kwa haraka zake, alilifungua faili lile kwenye simu akidhani ni la matangazo, akafuta yaliyomo bila kutazama, akaandika: "Mazoezi saa kumi, msichelewe." Akahifadhi. Kazi ya miaka ikawa tangazo la mstari mmoja.

Akawapigia wenye hifadhi. Binti mmoja akapokea.

"Pole, baba. Matoleo ya zamani ya faili lako yapo yote. Ila kuyafungua kunataka yale maneno sita uliyopewa siku ya kwanza. Sisi hatunayo."

"Binti, si ninyi wenye hifadhi?"

"Hifadhi ni yetu, baba. Ufunguo ni wako."

Ufunguo ulikuwa wapi? Alipokumbuka, aliiweka simu chini. Karatasi yenye maneno yale alimpa mpiga kinanda wa kwaya, mwenzake wa siku zote: "Mimi hupoteza, wewe hutunza." Na sasa mwaka wa tatu hawasalimiani. Waligombania sifa, nani hasa mtunzi, na mpiga kinanda akakiacha kinanda, akahamia benchi la nyuma.

Mngefanya nini ninyi? Yeye alikaa siku mbili akibahatisha maneno, mpaka kidole gumba kikamuuma. Siku ya tatu akaenda.

Mke wa mwenzake ndiye aliyefungua mlango. "Ee, mwalimu! Tulidhani njia ya huku imeota majani!"

Mpiga kinanda hakuuliza mengi. Alikwenda ndani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Miaka yote hii umeitunza?"

"Uliniambia nitunze. Hukuniambia niache."

Mwalimu alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo mwenzake ndiye aliyeshika simu na kuandika yale maneno sita. Hifadhi ikafunguka. Matoleo yakajipanga. Juu kabisa, tangazo. Chini yake, toleo la mwezi uliopita: nyimbo zote kumi na mbili, mtunzi mmoja. Chini zaidi, toleo la miaka mitatu nyuma: nyimbo zile zile, watunzi wawili. Na katikati, toleo la asubuhi iliyofuata ule ugomvi: jina la pili limefutwa. Mara kumi na mbili.

Mpiga kinanda akasoma. Kidole chake kikasimama.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nikurudishie lipi?"

Hebu fikirini. Toleo la mwezi uliopita halikupungukiwa hata noti moja. Kwaya ingeimba, watu wangelia, nani angejua? Mwalimu akatazama sakafu.

"La majina mawili," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mwenzake akabonyeza. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Haya, sogea. Ubeti wa tatu wa wimbo wa saba uliuharibu tangu siku zile. Tuanzie hapo."

Wapendwa, sisi nasi tunaomba kila siku: Bwana, nirudishie furaha, nirudishie amani ya nyumba yangu. Navyo vipo! Kwa Mungu havikupotea. Lakini tunataka toleo la mwezi uliopita, lile lenye kila tukipendacho isipokuwa mtu tuliyemfuta. Tunautaka wimbo, mwimbaji mwenzetu hatumtaki. Tunabahatisha maneno mpaka vidole vinauma, na karatasi iko nyumba ya tatu kutoka kwetu, imekunjwa mara nne, inatungoja.

Nani ameishika yako? Usinitajie mimi. Leo ni Ijumaa Kuu, na Pasaka ni keshokutwa. Ukitoka hapa, usipite njia yako ya kila siku. Pita kwake. Piga hodi.